Uwanja wa Mtakatifu Petro: Jinsi Jiji la Manchester Linavyokumbuka



Likitajwa jina la Manchester katika nchi zetu, watu wengi hudhani kwamba mazungumzo ya kandanda yanaanza. Timu mbili za jiji hilo zina mashabiki hata katika vijiji ambako gari hufika kwa shida. Leo ninawaomba tuuweke mpira kando kwa muda, tulitazame jiji hili kwa macho ya raia anayetaka kujua jinsi mji unavyoikumbuka historia yake.

Somo letu linahusu kipande kimoja cha ardhi katikati ya Manchester, kilichoitwa zamani Uwanja wa Mtakatifu Petro, pamoja na maneno ambayo watu wameyaandika juu ya kipande hicho na kando yake kwa muda wa miaka 200. Mtaona kwamba maneno hayo yamebadilishwa zaidi ya mara moja, na kwamba waliodai yabadilishwe walikuwa raia wa kawaida. Kumbukumbu ya pamoja ya mji ni mali ya umma, sawa na kisima au barabara. Isipotunzwa huharibika, na anayeachiwa kuitunza peke yake huigeuza kuwa yake.

Mji wa pamba

Manchester iko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo la kihistoria la Lancashire. Warumi walijenga ngome mahali hapo yapata mwaka 79, lakini kwa karne nyingi baada yao palikuwa na mji mdogo tu wa soko na wafumaji. Mageuzi yalianza katika karne ya 18. Mwaka 1761 mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa ili kuleta makaa ya mawe kwa mashua kutoka migodi ya Worsley, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa karibu nusu. Baadaye zikaja mashine za kusokota uzi, kisha injini za mvuke za kuziendesha. Mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya kuunganisha mji na bandari ya Liverpool. Kufikia wakati huo watu walikuwa wakimiminika kutoka mashambani na kutoka Ireland kutafuta kazi viwandani, na mji ukapewa jina la utani la Cottonopolis, yaani mji mkuu wa pamba.

Lakini pamba haioti Lancashire. Mvua na baridi ya huko haziruhusu. Sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa Manchester katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ililimwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Tuliweke jambo hili moyoni, maana litarudi mbele ya safari yetu.

Utajiri ulikuwa mkubwa, na umaskini ulikuwa mkubwa vilevile. Friedrich Engels, kijana Mjerumani ambaye baba yake alikuwa na hisa katika kiwanda cha uzi, aliishi Manchester kuanzia 1842 hadi 1844. Kitabu alichokiandika kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, kilichochapishwa mwaka 1845, kinaeleza vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa familia, mito myeusi kwa taka za viwanda, na watoto waliozeeka kabla ya wakati. Miaka zaidi ya 20 kabla ya Engels kufika, wafanyakazi wa eneo hilo walikuwa tayari wamejaribu kusema wenyewe. Hapo ndipo inapoanzia habari ya uwanja wetu.

Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1819

Baada ya vita dhidi ya Napoleon kumalizika mwaka 1815, maisha ya wafumaji yalizidi kuwa magumu. Ujira wao ulishuka. Wakati huohuo Bunge lilipitisha Sheria za Nafaka, ambazo zilizuia ngano ya bei nafuu kutoka nje na hivyo kulinda faida ya wenye mashamba makubwa. Mkate ukawa ghali. Wananchi wa Manchester hawakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yao, kwa sababu mji huo, pamoja na ukubwa wake, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Kilima cha Old Sarum, kusini mwa nchi, ambacho hakikuwa na wakazi, kilikuwa na wabunge wawili.

Ndipo wanamageuzi walipoitisha mkutano wa hadhara katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, na kumwalika msemaji mashuhuri Henry Hunt. Watu walifika kwa miguu kutoka Oldham, Rochdale, Middleton, Stockport na vijiji vya jirani. Samuel Bamford, mfumaji aliyeongoza msafara wa Middleton, aliandika baadaye jinsi walivyofanya mazoezi ya kutembea kwa mistari ili waonekane watu wenye nidhamu. Waliagizwa wawe safi, wasilewe na wasibebe silaha. Wengi walivaa nguo zao za Jumapili, na wanawake kadhaa walivaa nguo nyeupe. Walibeba bendera za hariri, na mojawapo ya bendera za Middleton imehifadhiwa hadi leo. Jukwaani, karibu na Hunt, alikuwepo Mary Fildes, kiongozi wa chama cha wanawake wanamageuzi wa Manchester. Inakadiriwa kwamba watu 60,000 walikusanyika.

Mahakimu wa mji walikuwa wakitazama kutoka dirisha la nyumba iliyokuwa kando ya uwanja. Waliuona umati, wakaiogopa idadi yake, wakatoa amri Hunt akamatwe. Kazi hiyo walipewa mgambo wa wapanda farasi wa Manchester na Salford, ambao wengi wao walikuwa wenye maduka, wenye viwanda na watoto wa matajiri wa mjini. Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya waliopigwa siku ile waliwatambua waliowapiga kwa majina. Mgambo walipokwama katikati ya watu, walianza kukata kwa panga walizokuwa wamezinoa wiki chache kabla. Mahakimu wakaagiza pia askari wa farasi wa jeshi la kawaida waingie uwanjani. Katika muda usiozidi nusu saa uwanja ulikuwa mtupu. Zilibaki kofia, shali, viatu na miili.

Wanahistoria huhesabu watu wapatao 18 waliokufa siku ile au baadaye kwa majeraha. Wa kwanza alikuwa mtoto William Fildes, mwenye umri wa miaka miwili, aliyeanguka kutoka mikononi mwa mama yake baada ya kugongwa na farasi wa mgambo aliyekuwa akikimbilia uwanjani. Mwingine alikuwa John Lees wa Oldham. Kijana huyo alikuwa amepigana katika vita vya Waterloo mwaka 1815 na kurudi nyumbani salama. Alikufa mwezi Septemba kwa majeraha aliyoyapata mbele ya wanajeshi wa nchi yake mwenyewe.

Waliojeruhiwa walizidi 600. Tunalijua hilo kwa sababu kamati za misaada zilikwenda nyumba kwa nyumba, zikaandika majina, anwani na majeraha ya kila mmoja. Katika orodha hizo wamo wanawake zaidi ya 160, idadi kubwa ukizingatia kwamba wanaume walikuwa wengi zaidi uwanjani. Orodha hizi ni kumbukumbu ya kwanza ya tukio, na ziliandikwa na wananchi wenyewe, wino ukitangulia jiwe kwa miaka mingi.

Jina na hukumu

Siku chache baadaye, James Wroe wa gazeti la Manchester Observer aliliita tukio hilo Peterloo. Alichukua nusu ya jina la uwanja na kuiunganisha na nusu ya jina la Waterloo. Kejeli yake ilieleweka mara moja: kule wanajeshi walimshinda Napoleon, na hapa walishinda wafumaji na watoto. Wakubwa hawakulipenda jina hilo, lakini lilishika. Kejeli ikadumu kuliko tangazo la serikali.

Kwa upande wake, serikali iliandika historia yake haraka. Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Sidmouth, aliwafikishia mahakimu shukrani za mtawala kwa kulinda amani. Hunt alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilipitisha sheria sita za kubana mikutano na magazeti. Mwaka 1822 mmoja wa majeruhi aliwashtaki viongozi wa mgambo mahakamani, lakini baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi kwamba hawakuwa na hatia. Hakuna afisa yeyote aliyewahi kuadhibiwa.

Mfanyabiashara wa pamba aliyeshuhudia siku ile, John Edward Taylor, alianzisha gazeti la Manchester Guardian mwaka 1821. Gazeti hilo lipo hadi leo, ingawa jina la mji liliondolewa. Mwaka 1832 sheria ya mageuzi iliipa Manchester wabunge wawili wa kwanza. Hata hivyo, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya mali, hivyo wengi wa wale waliosimama uwanjani walibaki nje. Wanawake wa Uingereza walipata haki ya kupiga kura sawa na wanaume mwaka 1928, miaka 109 baada ya Mary Fildes kupanda jukwaani.

Ukumbi uliojengwa juu ya uwanja

Uwanja wenyewe ulitoweka taratibu chini ya majengo. Kati ya mwaka 1853 na 1856 ulijengwa hapo ukumbi mkubwa ulioitwa Free Trade Hall, yaani Ukumbi wa Biashara Huria. Ulijengwa kuadhimisha kufutwa kwa Sheria za Nafaka mwaka 1846, ushindi uliopiganiwa sana na wafanyabiashara wa Manchester. Tafakarini jambo hili. Mahali pale wananchi walikufa wakidai uwakilishi na mkate, na jengo lililosimamishwa likachukua jina la sera ya biashara. Sera hiyo kweli ilipunguza bei ya mkate, kwa hiyo jina halikuwa la uongo. Lakini wafu hawakutajwa.

Ndani ya ukumbi huo, tarehe 31 Desemba 1862, ulifanyika mkutano ambao Manchester inaukumbuka kwa fahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea Marekani, na jeshi la majini la kaskazini lilikuwa limezifunga bandari za kusini. Pamba haikusafirishwa tena. Viwanda vya Lancashire vikasimama, na mwishoni mwa mwaka huo karibu watu nusu milioni walikuwa wakiishi kwa misaada. Wanawake walifunguliwa madarasa ya kushona, na wanaume wakapewa kazi za kutengeneza barabara na bustani za umma. Pamba iliyoletwa kutoka India ilikuwa na nyuzi fupi zilizokatika mara kwa mara, nao wafanyakazi waliichukia kwa sababu iliwapunguzia ujira. Ndipo usemi wa wahenga wetu ulipotimia mbali na kwetu: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Pamoja na dhiki hiyo, wafanyakazi waliokutana usiku ule walikubaliana kumwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya kumuunga mkono katika kukomesha utumwa. Lincoln aliwajibu tarehe 19 Januari 1863, akitambua mateso yao na kusifu msimamo wao. Mwaka huohuo meli iliyoitwa George Griswold ilifika Liverpool kutoka New York ikiwa imebeba mapipa ya unga kwa ajili ya wenye njaa wa Lancashire.

Kwa haki ya historia, ni lazima tuseme kwamba si watu wote wa Lancashire waliokuwa na moyo huo. Wapo wenye viwanda na wafanyakazi waliotamani serikali iitambue Kusini ili pamba irudi. Mwezi Machi 1863, katika mji wa Stalybridge, wenye njaa walifanya ghasia kupinga jinsi misaada ilivyogawiwa. Njaa haina somo moja. Fahari ya mkutano ule inatokana na ukweli kwamba waliokutana walikuwa na sababu zote za kusema kinyume, na hawakusema.

Vita hivyohivyo viligusa pwani yetu pia. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa cheupe cha pamba, na watu wakakiita merikani. Vita vilipokata biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilipata nafasi sokoni. Neno merikani limebaki katika kamusi zetu hata pale ambapo kitambaa kinatoka kwingine. Lugha nayo ni ghala la kumbukumbu.

Mwaka 1919 Manchester ilipokea sanamu ya Lincoln iliyochongwa na Mmarekani George Grey Barnard. Hapo awali sanamu hiyo ilikusudiwa kwenda London, lakini watu waliona kwamba inamwonyesha Lincoln akiwa mnyonge mno, mwenye nguo zilizokunjamana, na London ikapewa nyingine yenye umbo la heshima. Ilisimama kwanza katika bustani ya Platt Fields. Mwaka 1986 ilihamishiwa katikati ya jiji, mahali panapoitwa leo Lincoln Square, na maneno ya barua ya Lincoln yakaandikwa kwenye kitako chake. Barua yenyewe ilielekezwa kwa wanaume wafanyakazi wa Manchester. Kwenye jiwe waliandika watu wafanyakazi, ili wanawake waliojaa katika viwanda vile wasiachwe nje.

Je, walifanya vema? Mwanahistoria atasema kwamba barua ya mtu haibadilishwi, hata kwa nia njema. Raia atajibu kwamba njaa haikubagua wanawake, na jiwe linasomwa na walio hai. Sina haja ya kuwaamulia. Ninachotaka mwone ni kwamba neno moja lilipimwa na kubishaniwa, na kwamba ubishi wa namna hiyo ni kazi halali ya uraia.

Ukumbi huo ulishuhudia mengi baadaye. Mwezi Oktoba 1905 Christabel Pankhurst na Annie Kenney walisimama katika mkutano wa chama cha Liberal, wakauliza kama serikali yao itawapa wanawake kura. Walitolewa nje kwa nguvu, wakakamatwa, nao wakachagua kwenda gerezani kuliko kulipa faini. Desemba 1940 ukumbi uliteketezwa na mabomu ya Ujerumani, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1951. Leo ni hoteli. Hatua chache kutoka hapo, mwaka 2018, ilizinduliwa sanamu ya Emmeline Pankhurst, mama yake Christabel. Ilikuwa sanamu ya kwanza ya mwanamke kusimamishwa jijini tangu ile ya Malkia Victoria, zaidi ya miaka 100 kabla.

Oktoba 1945: Waafrika katika mji wa pamba

Ukitoka mahali hapo na kuelekea kusini kwa kufuata Oxford Road, utafika eneo la Chorlton-on-Medlock. Uso wa jengo la zamani la halmashauri ya eneo hilo bado umehifadhiwa katika majengo ya chuo kikuu. Hapo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Afrika, kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945.

Kwetu sisi uhusiano na Manchester ulikuwa umekwisha kuanza kwa njia nyingine. Mwaka 1902 wenye viwanda waliogopa kuendelea kutegemea pamba ya Marekani, wakaunda huko Manchester chama cha British Cotton Growing Association ili kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Katika miaka ya 1903 na 1904 mbegu za pamba zililetwa Uganda na kugawiwa wakulima kupitia machifu. Pamba ikawa zao kuu la biashara, na wazee wetu wakalipia kodi kwa fedha yake. Mkulima wa Buganda au Busoga aliyebeba mfuko wake hadi kwa mnunuzi hakuijua Manchester, lakini bei iliyoamua kama mwanawe atalipiwa karo ilifungamana na soko la huko.

Kwa hiyo waliofika Manchester mwaka 1945 hawakuwa wageni kabisa. Wajumbe walikuwa takriban 90. George Padmore wa Trinidad na Kwame Nkrumah wa Gold Coast walikuwa miongoni mwa waandaaji wakuu. Mwenyeji wao alikuwa Ras Makonnen, mzaliwa wa Guiana ya Uingereza aliyekuwa na mikahawa mjini humo. Daktari Peter Milliard, aliyekuwa akitibu wagonjwa Manchester, naye alikuwa mstari wa mbele. W.E.B. Du Bois alifika kutoka Marekani akiwa na umri wa miaka 77. Amy Ashwood Garvey wa Jamaika alizungumzia hali ya wanawake weusi. Jomo Kenyatta alitoa taarifa kuhusu Afrika Mashariki.

Mikutano iliyotangulia iliwaomba watawala walegeze kamba. Huu ulidai haki ya watu wa makoloni kujitawala, ukawaita wafanyakazi na wakulima wajipange, watumie mgomo na kususia bidhaa. Magazeti ya Uingereza yaliupa nafasi ndogo sana. Miaka 12 baadaye Nkrumah alikuwa kiongozi wa Ghana huru, na mwaka 1963 Kenyatta akawa waziri mkuu wa Kenya huru. Leo kuna kibao cha kumbukumbu kwenye ukuta wa jengo lile, na mpita njia anaweza kusoma kwamba hapo palizungumzwa jambo lililobadilisha ramani ya dunia.

Kibao cha buluu na kibao chekundu

Turudi sasa kwenye uwanja wetu. Kwa zaidi ya karne moja na nusu mahali pa Peterloo hapakuwa na alama rasmi ya wafu. Hatimaye, katika miaka ya 1970, kibao cha buluu kiliwekwa kwenye ukuta wa Free Trade Hall. Kilieleza kwamba Henry Hunt aliwahutubia watu wapatao 60,000, na kwamba kutawanywa kwao na wanajeshi baadaye hukumbukwa kwa jina la Peterloo.

Ninyi mnaojifunza Kiswahili, lichunguzeni neno hilo. Kundi likitawanyika, limeondoka lenyewe. Likitawanywa, yupo aliyelitawanya. Kibao kile hakikuficha kwamba wanajeshi walihusika. Kilificha kilichotokea kwa mwili wa binadamu. Kuku hutawanywa kwa kupungiwa mkono. Mtoto wa miaka miwili aliyekufa chini ya kwato, mama aliyekatwa kwa upanga, mzee aliyekanyagwa: hao kuwaita watu waliotawanywa ni kusema kweli kidogo ili kuacha kweli kubwa. Hakuna sentensi ya uongo kwenye kibao kile, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kukipinga.

Kikundi cha wananchi kilifanya kampeni kwa kalamu, kwa mikutano na kwa maadhimisho ya kila Agosti. Mwaka 2007 kibao cha buluu kiliondolewa, na chekundu kikawekwa. Kipya kinasema kwamba mkusanyiko wa amani wa wanamageuzi waliodai demokrasia, wanaume, wanawake na watoto, ulishambuliwa na askari wa farasi wenye silaha, watu 15 wakafa na zaidi ya 600 wakajeruhiwa. Tazameni mabadiliko ya vitenzi: kutoka kutawanywa hadi kushambuliwa. Wanawake na watoto wameingia. Sababu ya kukusanyika imeingia. Wafu wamehesabiwa, hata kama wanahistoria leo wangeongeza idadi.

Kampeni haikuishia hapo. Agosti 2019, miaka 200 baada ya tukio, ulizinduliwa mnara uliobuniwa na msanii Jeremy Deller. Umejengwa kwa ngazi za mviringo zinazopanda kama kilima kidogo, na juu ya mawe yake yamechongwa majina ya waliokufa na ya miji na vijiji walikotoka watu. Kileleni kuna alama zinazoelekeza mahali pengine duniani ambako raia walishambuliwa na wenye mamlaka. Msanii alikusudia watu wapande, wakae, na pengine wahutubie wenzao.

Lakini hata kabla ya uzinduzi, watu wenye ulemavu waliuliza swali rahisi: anayetumia kiti cha magurudumu atapandaje? Mnara wa kuwakumbuka walionyimwa nafasi ulikuwa umewanyima wengine nafasi. Halmashauri ya jiji ilikiri kwamba malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba nia njema peke yake haitoshi katika kazi ya kumbukumbu. Wapo ambao huwaoni mpaka wakuambie kwamba wameachwa.

Mfano wa mwisho ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2023 wamiliki wa gazeti lile lililozaliwa Manchester mwaka 1821 waliomba radhi hadharani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba mwanzilishi wake na wengi wa waliomchangia fedha walikuwa na uhusiano na utumwa kupitia biashara ya pamba. Mtu aliyeona upanga ukiwakata wafumaji wa Manchester, akakasirika na kuandika, alipata riziki kwa pamba iliyochumwa na watu waliochapwa viboko ng'ambo ya bahari. Yote mawili ni kweli juu ya mtu mmoja. Kumbukumbu iliyokomaa huyabeba yote mawili bila kulitupa hata moja.

Tunajifunza nini?

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Manchester ina makovu yake, na raia wake wameendelea kuyagusa ili kujua kama yanauma. Hawakuwa na jeshi wala fedha nyingi. Walikuwa na orodha za majina zilizoandikwa mwaka 1819, na subira ya kusoma kila neno lililoandikwa ukutani kana kwamba linawahusu. Nasi tuna minara, vibao na majina ya barabara katika miji yetu. Mengine yaliandikwa na wakoloni, mengine na serikali zilizofuata, na yapo matukio ambayo hayajaandikwa popote, ila yamo vinywani mwa wazee. Wazee hao hawatatungoja.

Maswali ya mjadala

1. Chagua mnara au kibao kimoja katika mji wako. Nakili maneno yake kwa Kiswahili. Nani ametajwa, na nani ameachwa?

2. Eleza tofauti ya maana kati ya vitenzi hivi: walitawanyika, walitawanywa, walishambuliwa, waliuawa. Tunga aya moja ya habari ukitumia kitenzi kimoja tu kati ya hivyo, kisha uiandike upya kwa kutumia kingine.

3. Je, ilikuwa sawa kubadilisha neno katika barua ya Lincoln lilipochongwa kwenye jiwe? Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.

4. Muulize mzee mmoja wa familia yako kuhusu pamba, kahawa au zao jingine la biashara la zamani: nani alilima, nani alinunua, na fedha ilifanya kazi gani? Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na usisahau kuandika jina lake na tarehe.